Fulu wa aina moja, tangi moja: kufuga samaki wa Ziwa Victoria nyumbani Kisumu

Fulu si samaki mmoja. Kwa Kijaluo, na sasa kwa yeyote anayenunua samaki Dunga au Usoma, fulu ni kila kisamaki chenye umbo la ngege (tilapia) lakini kisichofikia ukubwa wa ngege. Ndani ya jina hilo fupi zimo spishi zaidi ya 500 zilizotokea katika Ziwa Victoria na vijiziwa vinavyolizunguka, kila moja na meno yake, chakula chake na rangi ya dume wake. Mbuta, samaki mkubwa anayekula wenzake, aliletwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, akaongezeka ghafla katika miaka ya 1980, na spishi nyingi za fulu zikatoweka. Waliobaki ndio ninaowapendekezea mtu wa Kisumu anayetaka tangi sebuleni. Maji, joto na chakula chao vipo hapa hapa.

Wengi wakisikia akwariamu huwaza samaki wa bahari wa Mombasa au Watamu. Wanapendeza, lakini hesabu yake ni nzito kwa mtu wa huku bara. Maji ya bahari yana gramu 35 hivi za chumvi kwa lita, kwa hiyo tangi la lita 200 linameza kilo 7 za chumvi maalumu kabla hujaweka samaki hata mmoja, na kila ukibadilisha maji unanunua nyingine. Chumvi ya jikoni haifai kwa kazi hiyo, maana haina magnesiamu wala kalisi ya kutosha. Fulu anahitaji maji ya bomba yaliyotolewa klorini.

Tuanze na tangi. Fundi wa vioo mjini atakutengenezea, mradi umpe vipimo na usimame karibu. Urefu sentimita 120, upana 45, kimo 45, kioo cha milimita 10. Juu, mbele na nyuma, apige ukanda wa kioo wa sentimita 5 kwa urefu wote, na mwingine ukatize katikati ili kioo cha mbele kisipinde. Silikoni iwe ya akwariamu, au ile ya kawaida inayonuka siki ikikauka. Ile ya bafuni iliyoandikwa kwamba inazuia ukungu ina dawa, na dawa hiyo huua samaki polepole huku ukilaumu maji. Kingo zifutwe kwa spiriti kabla ya kugandisha. Acha likauke siku 7, kisha lijaze likiwa nje na ulitazame siku 2.

Likiwa tayari nyumbani, tangi hilo lina uzito wa kilo 300 na zaidi: maji kilo 200, kioo kama 50, na zilizobaki ni mawe na mchanga. Stendi ya chuma iliyochomelewa jua kali inabeba bila shida, ila ipimwe kwa pima maji pande zote, na katikati ya kioo na ubao uweke foromu ngumu nyeupe ya sentimita 2. Punje moja ya mchanga chini ya kioo inatosha kukipasua. Mawe makubwa yaweke kwanza, juu ya kipande kingine cha foromu ndani ya tangi, ndipo umwage mchanga wa mto uliooshwa hadi maji yatoke meupe, kina cha sentimita 3. Ukiweka mawe juu ya mchanga, fulu watachimba chini yake usiku na jiwe litashukia kioo. Juu funika. Fulu anaruka, hasa jike anayefukuzwa.

Maji ya bomba ya Kisumu yanatoka ziwani na Mto Kibos, na ni maji yenye madini kidogo. Kwa fulu hilo ni jema, kwani hata ziwa lenyewe halina chokaa nyingi, ila yana klorini. Njia ya bure ni pipa lililo wazi kwa saa 48, likiwa na jiwe la hewa ndani. Njia ya haraka ni sodiamu thiosalfeti: yeyusha gramu 100 ndani ya lita 1 ya maji safi, weka kwenye chupa ya rangi nyeusi, na tumia mililita 4 kwa ndoo ya lita 20. Kiasi hicho kinamaliza miligramu 2 za klorini kwa lita na kubakiza akiba. Bomba likitoka kurekebishwa mtaani, maji ya kwanza huja yakinuka klorini kali. Siku hiyo usibadilishe maji kabisa.

Maji ya mvua yanahitaji tahadhari yake. Hayana kaboneti, na bakteria wa chujio huzalisha asidi kila siku. Pasipo kaboneti ya kuizima asidi hiyo, pH (kipimo cha asidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi) inashuka chini ya 6, bakteria wanaacha kazi, na samaki wanakufa wote kwa usiku mmoja katika tangi lililoonekana safi miezi mitatu. Kama mvua ndiyo maji yako, weka kijiko kimoja cha chai cha bikabonati ya soda, kama gramu 5, kwa kila lita 50. Lenga pH kati ya 7.5 na 8.5. Maji ya ziwa yenyewe usiyalete nyumbani. Ghuba ya Winam ina mwani wa kijani wenye sumu majira fulani, na kila ndoo inaweza kuja na chawa wa samaki.

Sasa amonia, ambayo ndiyo muuaji mkuu. Samaki anatoa amonia kwenye matamvua, kundi moja la bakteria linaigeuza nitriti, kundi jingine linaigeuza nitriti kuwa nitreti isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao hawapo katika tangi jipya. Wanahitaji wiki 4 hadi 6 kujenga makao kwenye sifongo na mchanga. Jambo wasiloambiwa wanaoanza ni kwamba ukali wa amonia unategemea pH. Kwa joto la nyuzi 26, katika maji ya pH 7 sehemu yenye sumu ni kama asilimia 0.6 tu ya amonia yote. Kwenye pH 8 inafika karibu asilimia 6, na kwenye 8.5 inafika asilimia 16. Ndiyo maana mtu anayefuga samaki wa maji ya asidi anaweza kuponea kwa uzembe ambao kwa fulu ni kifo. Fulu wanaohema juujuu, matamvua yakiwa mekundu kama nyama mbichi, siku ya nne au ya tano tangu waingie, hawana ugonjwa. Ni amonia. Badilisha nusu ya maji saa hiyo hiyo na usimamishe chakula.

Kwa hiyo endesha tangi bila samaki kwanza. Kila siku tia chembe za chakula kiasi cha kulisha samaki wanne, yaoze. Pima kwa vipimo vya matone, si vya karatasi, kwa sababu karatasi hudanganya kwenye viwango vidogo. Amonia itapanda, ishuke. Nitriti itapanda, ishuke. Zote mbili zikisoma sifuri kwa siku tatu mfululizo ukiwa bado unatia chakula, tangi limekomaa. Ukipata sifongo chafu kutoka tangi la mtu mwenye samaki wazima, likamulie ndani ya lako na muda utapungua nusu. Nitriti ikikushtukiza samaki wakiwa tayari ndani, gramu 1 ya chumvi kwa lita huwakinga, kwani kloridi hushindana na nitriti kuingia kwenye matamvua.

Chujio lisikugharimu. Sifongo mbili zenye matundu makubwa, kila moja sentimita 10 kwa 10 kwa 20, zitobolewe katikati na kupitishwa bomba la plastiki la nusu inchi lililotobolewa matundu, mpira wa hewa uingie chini yake. Pampu ya hewa iwe juu ya usawa wa maji, la sivyo stima ikipotea maji yatarudi kwa mpira hadi ndani ya pampu. Sifongo zioshwe kwa zamu, moja kila wiki mbili, kwenye maji ya tangi uliyotoa. Ukizisuuza chini ya bomba, klorini inaua bakteria na unaanza upya. Mawe mepesi ya volkeno kutoka upande wa Nakuru na Naivasha ni makao mazuri ya bakteria pia. Jaza ndoo ndogo na upitishe maji humo.

Suala la hewa ni muhimu zaidi huku kuliko pwani. Kisumu iko mita 1,131 juu ya usawa wa bahari. Maji ya nyuzi 26 yanayoweza kubeba miligramu 8.1 za oksijeni kwa lita pale Mombasa, hapa yanabeba kama 7.1 tu. Idadi ya samaki unayosoma katika maelezo ya watu wa nchi za usawa wa bahari ipunguze kwa sehemu moja ya nane kabla hujaanza. Kipasha joto hakihitajiki Kisumu, Siaya wala Busia, kwa sababu chumba kinakaa nyuzi 23 hadi 28. Nakuru na Kericho kinahitajika. Wati 200 zinatosha tangi la ukubwa huu.

Aina gani? Mimi ningemshauri anayeanza achague Pseudocrenilabrus multicolor victoriae, kisamaki cha sentimita 7 au 8 kinachoishi kwenye vinamasi vya mafunjo. Kimezoea maji yenye oksijeni kidogo na kinatosheka na tangi la lita 80. Anayetaka rangi atafute Astatotilapia nubila, dume wake mweusi tii mwenye mapezi mekundu, au Xystichromis phytophagus wa Ziwa Kanyaboli kule Siaya, ambaye dume wake ana kijani, manjano na wekundu kwa pamoja. Kanyaboli ni hazina. Kinamasi cha Yala kimewakinga na mbuta, na hata ngege wa asili bado yumo humo. Astatoreochromis alluaudi ni mzuri na anavunja konokono kwa taya zake, lakini anapita sentimita 15 na ni mgomvi. Apewe tangi lake mwenyewe. Omena usijaribu, maana magamba yanatoka akishikwa tu. Kamongo na mbuta ni wa ziwani, wanapita mita moja. Okoko anapendeza akiwa mdogo, na hula vifaranga vyote usiku.

Kuhusu kuwapata: nenda kwanza kwa kamati ya BMU, yaani kikundi kinachosimamia uvuvi wa ufuo husika, na ofisi ya uvuvi ya kaunti, uulize kibali. Sheria ya uvuvi ya 2016 inawahusu hata wanaochukua samaki kumi. Chagua waliotegwa kwa mtego wa kikapu kwenye kina cha mita 1 au 2. Fulu aliyevutwa haraka kutoka chini sana hupanuka mfuko wa hewa, macho yakatoka na tumbo likageuka juu, na hata akiishi siku mbili hatapona. Waliokaa kwenye wavu hukwaruzwa, na mkwaruzo huota ukungu mweupe wiki hiyo hiyo.

Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, nayo ndoo ni bora zaidi hata hivyo. Ndoo ya lita 20 yenye kifuniko, maji nusu, pampu ndogo ya betri, samaki kumi wa sentimita 6: wanafika salama kwa safari ya saa mbili. Ikiwezekana walale bila kula kabla ya kusafiri. Nyumbani, dondosha maji ya tangi ndani ya ndoo kwa mpira mwembamba uliofungwa fundo, kwa dakika 45. Kisha wahamishe kwa wavu, maji ya ndoo yamwagwe kwenye bustani. Wakae karantini wiki 4. Mchunguze kila mmoja kwa tochi: chawa wa samaki ni kijisahani angavu cha milimita 5 hadi 8 kinachoteleza juu ya ngozi. Mtoe kwa kibano, na tangi la karantini likaushwe juani baadaye kwa sababu mayai yake hugandishwa kwenye kioo.

Katika tangi la sentimita 120, weka dume 1 na majike 5 au 6. Au weka vijana 14 pamoja, uwatoe madume wanaozidi kadiri wanavyovaa rangi. Madume wawili ndiyo idadi mbaya kuliko zote: mmoja atamfukuza mwenzake hadi kona ya juu karibu na chujio, mapezi yameraruka, na siku tatu baadaye utamtoa amekufa. Watano hugawana ugomvi. Panga mawe marundo mawili yasiyoonana, ili jike awe na pa kujificha.

Hapa ndipo msimamo wangu ulipo, na sitaulegeza: tangi moja, aina moja. Majike wa fulu karibu wote ni wa rangi ya udongo na hufanana mno. Wao humtambua dume wa kwao kwa rangi. Mwaka 1997 mtafiti wa samaki Ole Seehausen na wenzake walionyesha kwamba maji ya Ziwa Victoria yanapochafuka na mwanga kupungua, majike hawaoni rangi vizuri, spishi zinachanganyika na rangi zinafifia. Tangi lenye aina tatu na dume mmoja wa kila aina linafanya jambo hilo hilo haraka zaidi, kwani jike asiyeona dume wa kwake atazaa na aliyepo. Watoto watakuwa wazima, wenye afya, na hawatakuwa wa spishi yoyote. Taa nayo iwe nyeupe. Taa za buluu au za chungwa zinazouzwa kwa kupendeza macho zinamnyima jike uwezo wa kuchagua.

Chakula kipo sokoni. Loweka gramu 200 za omena mkavu kwa saa moja, umwage maji mara mbili ili mchanga na chumvi vitoke, uchemshe dakika 5. Saga pamoja na gramu 100 za terere iliyochemshwa na gramu 50 za minji. Yeyusha gramu 15 za jelatini isiyo na ladha katika mililita 200 za maji moto, changanya, tandaza kwenye sinia unene wa nusu sentimita, gandisha. Kata vipande vidogo. Mara mbili kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika 2, na siku moja ya wiki wafunge. Wala mimea kama wa Kanyaboli, ongeza terere iwe nusu ya mchanganyiko. Usiwape nyama ya ng'ombe wala mafuta. Utumbo wao mrefu hauwezi. Tumbo hujaa, kinyesi kinakuwa uzi mweupe, samaki anakaa kando hali. Ukimwahi siku ya kwanza, mtenge, zungumza na daktari wa mifugo kuhusu metronidazoli, ambayo kwa kawaida huwekwa miligramu 250 kwa lita 40 za maji, jumla mara 3, kila baada ya siku mbili. Akishavimba magamba yakasimama, amechelewa.

Madoa meupe kama punje za chumvi hutibika: pandisha joto polepole hadi nyuzi 30, chumvi gramu 2 kwa lita, siku 10. Ongeza hewa maana maji ya nyuzi 30 hapa hayabebi zaidi ya miligramu 6.6 za oksijeni.

Stima ikipotea, sifongo ndani ya tangi zina nafasi nzuri kuliko chujio lililofungwa kwenye kopo, ambalo bakteria wake hukosa hewa baada ya saa chache na kurudisha uozo ndani ya tangi umeme ukirudi. Pampu ya betri ya ndoo ile ile iwe karibu. Pasipo pampu, chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu, mara kumi kila nusu saa, na usiwalishe.

Kuzaa hakuhitaji ujuzi wako. Dume anachimba shimo, anatetemeka mbele ya jike, jike anataga mayai machache na kuyaweka mdomoni papo hapo. Pezi la chini la dume, karibu na mkia, lina madoa ya chungwa yanayofanana na mayai. Jike anayanyonya akidhani ni mayai aliyosahau, na hapo ndipo mbegu za dume zinapoingia mdomoni. Jike mwenye mayai koo limetuna, hali, anajibanza. Fulu wengi hutamia siku 18 hadi 21 kwa nyuzi 26, yule mdogo wa mafunjo karibu wiki 2. Kwa hao wa siku 18 hadi 21, siku ya 14 hivi mhamishe jike usiku kwa wavu mpana, taratibu, hadi tangi la lita 40 lenye sifongo iliyokomaa na majani ya majini. Akishtuka atatema au atameza. Uzao wa kwanza huwa vifaranga 10 hadi 20; jike aliyekomaa hutoa 40 na zaidi. Akishawaachia, abaki peke yake wiki nzima akila vizuri kabla ya kurudi kwa dume.

Vifaranga wanakula unga wa omena uliopitishwa kwenye chujio la chai, mara 4 kwa siku, kidogo kidogo. Anayeweza kuangua Artemia, vijidudu vya maji ya chumvi, aangue: gramu 25 za chumvi kwa lita, nyuzi 28, hewa mfululizo, saa 24. Robo ya maji ibadilishwe kila siku ya tatu, kwa kuwa chakula kilichobaki ndicho kinachoua vifaranga, si njaa.

Wakizidi, wasirudishwe ziwani kamwe, hata ziwa walikotoka. Wamekaa na magonjwa ya tangi, na huenda damu yao imechanganyika bila wewe kujua. Maji yakimwagika hayazoleki. Wagawie wafugaji wengine. Kwenye kifuniko cha ndoo andika kwa kalamu isiyofutika: jina la spishi, mahali walipotoka wazazi, mwaka, na kizazi. "Xystichromis phytophagus, Kanyaboli, kizazi cha 2." Kama spishi huifahamu kwa hakika, andika fulu na jina la ufuo peke yake, usikisie. Mtaalamu anaweza kumtambua baadaye akijua mahali, lakini jina la kubahatisha litanakiliwa kutoka ndoo hadi ndoo.